Kiboko Aliyesubiri Fatwa

Chuo chetu kiko kwenye kona ya mto, chini kidogo ya Garsen, na kina kila kitu kinachotakiwa katika chuo kikubwa isipokuwa kuta. Kuna mwalimu aliyesoma Lamu. Kuna khalifa, yaani msaidizi wake, mtu mzima mwenye ndevu ambaye amekuwa mwanafunzi tangu kabla sijazaliwa. Kuna mikeka, kalamu za tete na wino wa masizi. Vitabu navyo vipo, ila mchwa walivianza pembeni wakaingia ndani, na ndiyo maana elimu yetu ina matundu.

Tunasoma fikihi, sheria za dini. Kitabu huanza na mlango wa maji: maji yapi ni twahara, yapi si twahara, na mtu akiyakosa afanyeje. Tumo katika mlango huo tangu sijaota ndevu, na mpaka sasa sijaziota vizuri. Si kosa la mwalimu. Tukikaribia kuumaliza, mto hujaa tukahamisha mikeka. Mto ukishuka ni kulima. Mpunga ukitoa masuke ni kufukuza ndege. Na kila tukirudi, mwalimu hututazama kwa huruma na kusema, "Mmesahau. Tuanze mwanzo." Mwaka jana darsa la kutayamamu kwa vumbi lilituangukia wakati wa mafuriko. Tulikaa juu ya vitanda, miguu inaelea, mwalimu akitusimulia kwa uchungu habari za msafiri aliyekosa tone la maji. Nikauliza hilo vumbi tutalitoa wapi. Akaniambia swali hilo liko katika kitabu kikubwa zaidi.

Darsa lenyewe huenda hivi. Mwalimu husoma mstari. Khalifa husema alichosema mwalimu, kwa sauti zaidi. Sisi tunasema alichosema khalifa, kwa sauti kuliko wote, na jambo hilo linakuwa limeeleweka. Wakubwa hukaa mbele karibu na mwalimu, na wamefikia daraja la kusinzia huku wakitikisa vichwa, hata mgeni akipita hudhani wanaafiki. Mimi nakaa nyuma pamoja na kijana wa Kiorma, mtoto wa wafugaji wa huko uwandani, aliyeletwa na baba yake asome ili aje awahesabie zaka ya ng'ombe. Yeye hali samaki. Akisikia harufu ya kambare huhamisha mkeka.

Chuo hiki kinalishwa na kijiji kwa zamu. Msimu ninaousimulia, zamu ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama, na ndiyo sababu nayajua haya yote kutoka jikoni hadi msikitini. Mjomba alikuwa amesilimu juzijuzi, na kilemba chake kilikuwa kikubwa kuliko cha mwalimu. Hakuna alilolifanya bila kuuliza. Aliwahi kuuliza kama inajuzu kukoroma.

Sasa, mpunga wa mjomba ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na ghala lake limebakiwa na harufu tu. Tulikuwa tunakula ndizi mbichi za kuchemsha, wanawe na wanachuo pamoja, tukisubiri mavuno. Ndipo kiboko akaja. Kiboko haibi kama mwizi, hula kama mtu aliyealikwa. Alipoondoka, nusu ya shamba ilikuwa imelala chini na nusu ya hiyo ilikuwa tumboni mwake. Mjomba akachimba shimo kwenye njia yake ya kupandia kutoka mtoni, akalifunika kwa matete. Asubuhi moja tukasikia shimo linakoroma.

Kijiji kizima kilikimbia. Kiboko akiuawa kwetu si mali ya mtu mmoja. Kila nyumba inajua fungu lake, na mwenye shimo hupata kubwa. Nyama hiyo, ikikaushwa juu ya moto, ingeifikisha nyumba ya mjomba kwenye mavuno, na sisi wanachuo nyuma yake. Wanawake walikuja na vikapu. Mkaza mjomba, mke wake, alikuja na kisu ameshakinoa.

"Hakuna kumgusa," mjomba akasema. "Kwanza tuulize chuoni."

"Chuoni kuna kisu?"

"Kuna elimu, mke wangu."

"Basi elimu ije na kisu."

Lakini mjomba alikuwa na kidonda chake. Mwaka uliotangulia wakwe wa binti yake walishuka kutoka Kinakomba, wakaandaliwa nyama ya kiboko, na mmoja wao, aliyetangulia kusilimu, akauliza: huyu mnyama ni halali? Mjomba hakuwa na jibu. Wakwe wakanawa mikono mikavu, wakalala na njaa, na habari ikapanda mto pamoja nao. Safari hii alitaka fatwa, tena ya maandishi, aitundike ukutani.

Mwalimu aliposikia, uso uling'aa. Nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akifunga kitabu kabla ya adhuhuri. Maskini, alikuwa amekaa miaka na mlango mmoja, na leo ameletewa swali la sheria, mas-ala mpya, nzima, yenye miguu minne.

"Jambo hili si jepesi," akasema, naye alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Kama ni mnyama wa majini, hukumu yake ni ya samaki: huliwa hata bila kuchinjwa. Kama ni wa nchi kavu, lazima achinjwe. Na kama ni wa huku na huku, wanavyuoni wamehitilafiana."

"Akina nani hao, Maalim?" nikauliza. "Waliwahi kumwona?"

"Walikuwa watu wa jangwani."

"Basi walihitilafiana juu ya kitu gani?"

"Wewe mwenye mdomo," akanijibu, "utasimama upande wa wanaosema ni samaki."

Nilikubali upesi. Samaki hahitaji kisu, na tumbo langu lilikuwa limeshachagua madhehebu hayo. Khalifa akapewa upande wa nchi kavu. Mworma akawekwa kuwa shahidi wa mambo ya ng'ombe. Mjomba akakaribishwa mkeka wa mbele kabisa, pale ambapo hajawahi kukaa, akakunja miguu na kusahau kwamba ana kiboko shimoni.

"Analala majini," nilianza, "anacheza majini, na haja zake zote anazimalizia majini, nasi tunayanywa. Kama huyo si samaki, basi mimi si binadamu."

"Hilo la pili bado tunalichunguza," akasema khalifa. "Nionyeshe samaki mwenye masikio."

"Wewe umewahi kumwita samaki akakosa kusikia?"

Nilisema vile kumchokoza tu. Ubaya wa chuo chetu ni kwamba huwezi kutania ukabaki salama. Mwalimu alinyoosha kidole juu. "Swali zuri! Khalifa, umewahi?" Na khalifa, Mungu amrehemu akiwa hai, akafumba macho akakumbuka maisha yake yote, kama kuna siku alimwita samaki.

Ikaja zamu ya shahidi. "Wewe mtoto wa wafugaji," mwalimu akamwambia Mworma, "hebu tuambie. Huyu mnyama ni jamii ya ng'ombe?"

Mworma alisimama, akajifunga shuka vizuri kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Maalim, nisamehe. Baba akijua nimekaa na watu wanaouliza hivyo, hanipi hata ndama."

"Jibu. Ana kwato?"

"Ana vidole vinne, vinene. Ng'ombe ana adabu."

Mwalimu akaona maneno hayatoshi, twende tukatazame kwa macho. Chuo kizima kikaandamana hadi shimoni, wakubwa mbele, kanzu zimeshikwa juu. Kijiji kilitupisha. Wanawake walidhani tumekuja kuchinja, wakaanza kupanga kuni.

"Sheria inataka kisu kipite kooni," mwalimu akasema, ameinama ukingoni. "Koo liko wapi?"

Tulimtazama mnyama. Kichwa kilikuwa kimeungana na mabega bila kupitia popote. Khalifa akashuka hatua moja akachunguze karibu, na kiboko, aliyekuwa amevumilia elimu kutoka asubuhi, akafumbua kinywa. Khalifa aliliona koo lote, ila kwa upande ambao hatukuuhitaji. Alirudi juu kwa wepesi ambao hajawahi kuuonyesha katika masomo.

Jua lilikuwa limepanda. Ngozi ya kiboko ilianza kukauka na pumzi yake kuwa nzito, mwalimu akashtuka: akifa kabla hatujajua ni nani, atakuwa mzoga kwa upande mmoja wa hoja, na mjadala wote umeharibika. Akaamuru amwagiwe maji. Basi tukaunda msururu kutoka mtoni, kwa mitungi na vibuyu, tukamwogesha kiboko kama bwana harusi. Maji yalimtiririka yakalowesha kuta za shimo. Udongo wetu wa mtoni ukinywa maji huwa kama uji, kila mtoto hapa anajua, na hakuna mtoto aliyesema kitu, kwa kuwa sote tulikuwa kazini.

"Mnafanya nini?" mkaza mjomba akaniuliza. Alikuwa amesimama na kisu chake, mwanawe mdogo amemng'ang'ania pindo la leso.

"Tunamhifadhi, mkaza mjomba. Asife kabla ya kufa."

Akapita katikati ya wanachuo wote, jambo ambalo mwanamke halifanyi, akasimama mbele ya mwalimu.

"Maalim, hawa watoto wamekula ndizi mbichi tangu mwezi uandame. Nimekuja kuuliza jambo moja dogo. Ndiyo au siyo?"

"Mama, subira. Hili ni bahari ya elimu."

"Mimi nimeuliza mto."

"Mke wangu, usimkatize Maalim," mjomba akasema kutoka mkekani, maana walikuwa wameleta mkeka hadi shimoni. Kisha akamgeukia mwalimu, macho yanacheka kama ya mtoto. "Na Maalim, je, akiwa jike, tena ana mimba? Yule wa tumboni hukumu yake ni ya mama au anajitegemea?"

Mwalimu alimkumbatia. Alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata mwanafunzi kama huyu. Mjomba akavimba hata kilemba kikalegea. Nikajua hapo kwamba hatuli leo. Mtu aliyeleta mas-ala alikuwa ameonja utamu wa kuwa nayo, na ikiisha atarudi kuwa mkulima mwenye nusu shamba.

Kabla ya alasiri mtumbwi ulishuka kwa kasi kutoka juu, watu wawili ndani, wanapiga makasia huku wanapiga kelele.

"Mto umevimba huko Kinakomba! Kesho asubuhi utakuwa kwenu! Vuteni mitumbwi juu!"

Hapakuwa na wingu hata la kufutia macho, lakini mto wetu hauombi ruhusa ya mvua ya hapa. Hunywa kwenye milima ya mbali ukaja kutapikia kwetu. Kila mtu akalitazama shimo. Liko kwenye njia ya kiboko, na njia ya kiboko inaanzia majini.

"Kesho asubuhi," mwalimu akasema, akifikiri. "Basi tuna muda."

Wanachuo tukarudi na mwalimu chuoni kufungua vitabu. Magharibi hivi khalifa akapiga ukelele: katika pambizo la ukurasa, pale mchwa walipochoka, palikuwa na maneno madogo juu ya mnyama aitwaye farasi wa mto. Na farasi, katika madhehebu yetu, huliwa. Furaha ilikuwa kubwa. Ikabaki kuhakikisha kwamba aliyemo shimoni anafanana na farasi. Kati yetu sote ni mwalimu peke yake aliyepata kumwona farasi, huko Witu, kwa mbali, na alikuwa amepandwa na mtu.

"Alikuwa na kichwa," akakumbuka. "Na miguu minne. Alikuwa mnene."

"Basi ni yeye," nikasema. Hata mimi nilikuwa nimeshaacha dini yangu ya samaki. Ningesema ni njiwa.

"Atachinjwa na ataliwa," mwalimu akaamua. Mjomba akaruka juu. Lakini mwalimu akamkalisha. Fatwa haitolewi kavu kavu. Ina dibaji yake, ina sifa za Mola na salamu za Mtume, ina kutaja hoja za waliokataa na kuzijibu moja moja, hata kama waliokataa ni mimi na samaki wangu. Ataiandika kwa utulivu, na asubuhi kabla jua halijapanda itakuwa mkononi. Mjomba akasema ndivyo hasa anavyotaka: iwe ndefu, wakwe waione. Wakwe wake hawajui kusoma, lakini nadhani alikusudia urefu.

Mto ulikuja kimyakimya, kama unavyokuja siku zote. Nilipofika shimoni alfajiri, mjomba na mkaza mjomba wameshatangulia, na maji yalikuwa yanatambaa kwenye njia ya kiboko, yanapita kati ya matete na kumiminikia shimoni. Upande wa ukuta tuliokuwa tukiumwagia mitungi ulikuwa umeporomoka, umekuwa mteremko mzuri, hata mzee angeupanda. Kiboko aliupanda. Hakuharakisha. Aliweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akatoka amejaa tope na ubavu wake karibu yetu kuliko ukuta wa jirani.

Mjomba alikuwa na mkuki mkononi, ameuinua.

"Mchome!" mkaza mjomba akapiga kelele. "Baba watoto, mchome!"

Mkono wa mjomba ulibaki juu. Niliona mishipa. Mtu huyu amewahi kumchoma kiboko kutoka ndani ya mtumbwi, usiseme hajui.

"Fatwa haijafika!" akalia.

Kiboko akatupita. Akageuza shingo, ile tuliyoitafuta siku nzima, akang'oa masuke ya mpunga yaliyokuwa ukingoni, akaingia nayo mtoni huku anatafuna. Maji yakajifunga juu yake.

Mwana mdogo wa mjomba akamvuta mama yake leso. "Mama, nyama inakwenda wapi?"

Mkaza mjomba akakaa chini hapo hapo, kwenye tope. Hakulia. Alikishika kisu magotini, anakitazama kana kwamba kimemwuliza jambo.

Ndipo akatokea mwalimu, kanzu ameifunga kiunoni, maji yanamfika magotini, karatasi ameiinua juu ya kichwa isilowe. Khalifa nyuma yake amebeba kidau cha wino, pengine patahitajika nyongeza.

"Alhamdulillahi!" akaita kutoka mbali. "Analiwa! Ndugu zangu, analiwa!"

Mkaza mjomba akasimama, akaelekeza kisu mtoni.

"Mfuate ukamsomee," akasema. "Akikubali, nitawasha moto."

Siku ile wanawake wa kijiji walikutana. Hawakuleta vitabu wala hawakugawana pande, na jawabu lao lilitoka kabla uji haujapoa: kila nyumba imepoteza fungu lake la nyama kwa ajili ya chuo, basi hakuna nyumba itakayolisha chuo mpaka mpunga wa mjomba uliobaki umeingia ghalani. Na ili uingie, chuo ndicho kitakachoulinda. Maji yalikuwa yamelifika shamba kwenye vifundo tu, na mpunga haukasiriki kwa kulowa miguu. Adui aliyebaki ni ndege.

Kwa hiyo darsa limehamia juu ya ulingo, lile jukwaa la miti la kulindia shamba. Wakubwa waliokuwa wakisinzia mbele sasa wanasinzia juu, na wameanza kuanguka, jambo ambalo limewasaidia sana katika masomo. Tunavua kambare wenyewe na kuwachoma wenyewe. Mworma anakula. Anafumba macho, na ametuomba wakati huo tumsimulie habari za maziwa. Mjomba hukaa kwenye kona yake ya shamba bila kilemba, anarusha madongo kwa kombeo tangu jua linapochomoza, na mke wake akimpa maagizo anayafuata kabla hajayauliza.

Jana ndege walishuka kama mchanga uliotupwa, wakatua kwenye masuke yaliyo bora kuliko yote. Mwalimu alikuwa zamu. Alishika donge la udongo, akauinua mkono, akasita.

"Hebu niambieni," akasema, na khalifa chini ya ulingo akainua uso kwa hamu. "Ndege akiwa ameshaimeza punje, nasi tukamwua, ile punje iliyo tumboni mwake ni mali ya..."

"Maalim!" mkaza mjomba akaita kutoka upande wa pili wa shamba. "Tupa!"

Akatupa. Donge lilimpata khalifa begani, naye akatoa ukelele ambao haumo katika kitabu chochote, na ndege wote wakaruka kwa pamoja wakaenda kwa jirani.